Mguu wako uko wapi gari linapotetemeka?

Mama mmoja wa vitunguu, mwenye Toyota IST ya rangi ya fedha, alifika gereji siku moja akitokea Iringa. Wakati huo nilikuwa na miaka mitatu tu kwenye kazi, kwa hiyo nilijua kila kitu. "Fundi, mwanangu," akasema, "tangu niteremke mlima Kitonga, nikikanyaga breki usukani unanitetemekea mikononi kama nimeshika mashine ya kusaga." Hata sikuinua gari. Nikamwambia ni Kitonga hiyo, mama, breki zimepata moto, diski zimekunja. Tukanunua diski mbili mpya, zile sahani za chuma zinazozunguka na tairi, na pedi zake zinazozibana ukikanyaga breki, nikafunga, nikajaribu hadi barabara kuu na kurudi. Shwari. Akalipa, akaondoka anacheka.

Baada ya miezi mitatu akarudi, na safari hii hacheki. Nikabadilisha diski tena, kwa hela yangu. Miezi mitatu mingine, huyo tena getini.

Tulichokikuta nitakisema mbele kidogo. Kwanza tuelewane kwa nini ugonjwa huu unawasumbua hata mafundi waliozeekea kazini. Mikono ya dereva inapokea habari zote za miguu ya mbele ya gari kupitia tairodi mbili, vile vyuma vinavyounganisha usukani na tairi, na haina namna ya kujua nani aliyezituma. Tairi, rimu, habu inayobeba tairi na diski, diski yenyewe, kalipa inayobana pedi, bushi, jointi ya shafti: kila mmoja akileta fujo, wewe unasikia kitu kilekile, usukani unacheza. Kwa hiyo siku hizi sianzi na spana. Naanza na swali. Likitetemeka, mguu wako uko wapi? Juu ya breki, juu ya mafuta, au hauko popote?

Mguu hauko kwenye breki

Kama usukani unacheza ukiwa unatembea tu bila kugusa breki, sahau diski kwa muda, anza na matairi. Dalili yake inajulikana: gari limetulia mpaka kilomita 70 kwa saa, kwenye 80 au 90 linaanza, kwenye 100 limekolea, ukipita 115 linapoa. Wapo madereva waliogundua kwamba linapoa huko juu, wakajifunza kukimbia zaidi ili wasisumbuliwe. Nimepanda nao. Sitaki tena.

Fanya hesabu kidogo. Tairi la 185/65 R15 likizunguka mara moja gari linasogea karibu mita 1.95. Kwa kilomita 100 kwa saa, yaani karibu mita 28 kila sekunde, tairi hilo linazunguka zaidi ya mara 14 kwa sekunde. Sasa chukua kile kirisasi cha balansi cha gramu 30, kilichobandikwa kwenye rimu, kikadondoka siku unaosha gari. Mkononi ni kitu cha kuchezea. Kwa mwendo huo, upande mmoja wa tairi unavuta kuliko mwingine kwa nguvu sawa na uzito wa karibu kilo 5, na unafanya hivyo mara 14 kila sekunde. Nguvu hiyo inakua kwa mraba wa mwendo. Kwenye kilomita 50 ni robo tu, ndiyo maana ukizunguka mjini husikii kitu, na safari ya Morogoro ndiyo inayokuumbua.

Na kupoa kule juu? Springi, bushi na tairi lenyewe vina mdundo wao wa asili, kama bembea. Ukimsukuma mtoto kwa wakati wa bembea anapaa, ukisukuma harakaharaka kupita mdundo wake unamgonga tu mgongoni. Kwenye 90 au 100 tairi linasukuma kwa wakati. Ukipita hapo linakuwa nje ya mdundo, lakini nguvu haijaondoka, imeongezeka, na wanaoila ni beringi na shokapu.

Kabla ya kulipia balansi, chungulia ndani ya rimu. Msimu wa masika nimeletewa gari lililokwisha kupigwa alaimenti, yaani kunyooshwa mkao wa matairi, mara mbili sehemu mbili tofauti, kumbe ni bonge la tope limekaukia upande wa ndani wa rimu ya kushoto. Maji na kijiti, dakika 10. Na alaimenti yenyewe, kwa kuwa tumeitaja: ikiharibika gari linavuta upande, au linakula tairi kwa ndani au kwa nje. Kutetemesha usukani si kazi yake. Mtu akikwambia usukani unatetemeka kwa sababu ya alaimenti, muulize bei kisha ukanywe chai kwanza.

Balansi nayo ina udhaifu wake, maana mashine inapima uzito, haiangalii umbo. Rimu iliyopigwa na shimo, au na lile tuta lisilo na alama ambalo kila kijiji kinalo, itabandikwa virisasi mpaka kioo kiandike sifuri, na bado itakwenda kama yai. Tairi likiwa linazunguka pale kwenye mashine, weka ncha ya kalamu karibu na ukingo wa rimu, bila kuugusa, kisha angalia nafasi iliyopo kati yao. Ikipanuka na kufinyika kila mzunguko, rimu imepinda na risasi hazitaiponya.

Rimu za fasheni zina kesi yake pekee. Habu ya IST, Vitz au Corolla nyingi ina kitovu cha milimita 54.1, na Toyota kubwa kidogo nyingi wana 60.1. Rimu za dukani zinatobolewa tundu kubwa ili ziingie kwenye magari mengi, mara nyingi 67.1 au 73.1. Pengo linalobaki linatakiwa kuzibwa na pete ya plastiki au alumini inayokuja na rimu, na pete hiyo ndiyo ya kwanza kupotea. Bila pete, rimu inaning'inia kwenye nati tu, na ikikaa nusu milimita nje ya katikati hakuna balansi itakayokusaidia, kwa sababu kwenye mashine ilikuwa imekaa vizuri.

Mtikisiko wa mwendo mdogo ni jambo tofauti, tena zito. Ukiwa kilomita 20 hadi 40 tu, usukani unakwenda kushoto na kulia polepole, kama mtu anayekataa kwa kichwa. Hapo usiende gereji ya mbali. Mara nyingi nyuzi za chuma ndani ya tairi zimeachana na raba, na tairi limeanza kufanya kidonda cha ndani. Piga jeki, zungusha tairi kwa mkono, tazama kashata, ule uso wa tairi wenye mifereji: ikiyumba upande mmoja kama barabara iliyochepuka, au ukikuta uvimbe, toa tairi hilo leo. Angalia na umri wake ubavuni, zile tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT. Likiandikwa 2319 limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya mtumba yanayouzwa na kashata nzuri mara nyingi yana tarehe mbaya.

Ikiwa mtikisiko unakuja ukikanyaga mafuta tu, hasa gari likiwa na mzigo au linapanda, na ukiachia mafuta unakata palepale, hamia kwenye shafti, ile fito inayopeleka nguvu kutoka kwenye gia hadi kwenye tairi. Jointi ya ndani, ile ya upande wa gia, ikilika inafanya gari zima liyumbe kiuno. Jointi ya nje ina desturi nyingine, inalia tak-tak-tak ukikata kona. Balansi haigusi hata moja kati ya hizo.

Mguu uko kwenye breki

Hapa ndipo hela nyingi zinapotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwanza ondoa kwenye orodha ABS, ule mfumo unaozuia tairi kukwama ukipiga breki. ABS ikifanya kazi pedali inarudisha mguu kwa kasi, grrrr, yenye sauti kabisa, na inatokea ukipiga breki kali au kwenye mchanga na utelezi. Kasi ya mapigo yake haifuati mwendo wa gari. Mapigo ya diski yanafuata tairi: kwenye 100 ni harakaharaka, kwenye 60 yanahesabika, kwenye 20 ni dum... dum... dum, mpaka gari linasimama. Ukisikia yanapungua kadiri mwendo unavyopungua, unamtafuta mtu anayezunguka na tairi. ABS ikigutuka kwa mwendo mdogo kwenye lami kavu, karibu na kusimama, huo ni ugonjwa wa sensa au pete yake, nao hautibiwi na diski.

Pili, mbele au nyuma? Yakiwa mbele, usukani unatetemeka na pedali inadunda. Yakiwa nyuma, pedali inadunda na kiti kinakutikisa kalio, lakini usukani umetulia. Kwenye magari ambayo breki ya mkono ni ya kuvuta na inashika nyuma tu, unaweza kuthibitisha: barabara tupu iliyonyooka, kilomita 40, hakuna mtu nyuma, bonyeza kitufe cha breki ya mkono usikiachie, vuta polepole. Ikidunda, ugonjwa uko nyuma. Kwenye IST nyuma ni drami, yaani ngoma ya chuma badala ya diski, na drami nayo inaweza kutoka kwenye umbo la duara. Usifanye hivi kwenye mvua, wala kwa mbwembwe.

Sasa tuje kwenye diski. Neno "imekunja" limetupotosha wengi. Linakupa picha ya sahani iliyojikunja kwa moto kama bati. Kinachoudundisha mguu wako hasa si kujikunja, ni unene. Diski ikiwa na sehemu nene na sehemu nyembamba, pedi zinazoibana kutoka pande mbili zinatanuliwa kila sehemu nene inapopita. Pistoni inarudishwa nyuma, mafuta ya breki yanasukumwa, pedali inakupiga soli ya kiatu. Hapohapo nguvu ya kushika inapanda na kushuka, tairi linavutwa na kuachiwa, na tairodi inapeleka habari mikononi. Tofauti inayotosha kusikika ni ndogo kuliko unavyodhani. Milimita 0.02 inatosha kwenye magari mengi. Unywele wa kichwani una unene mara tatu au nne ya hapo. Kwa hiyo fundi anayeikagua diski kwa jicho, akapitisha na kidole, akasema "hii nzima" au "hii imekufa", anakisia tu. Nami nilikuwa nakisia.

Diski yenyewe ilitoka dukani ikiwa na unene mmoja pande zote. Nani aliipunguza sehemu moja? Kuna njia mbili kubwa, na zote ni za polepole.

Njia ya kwanza ni moto, na ndiyo inayobebeshwa lawama za Kitonga. Mteremko ule, kama ule wa Mai Mahiu kwa wenzetu wa Kenya, unampa dereva dakika nyingi za breki mfululizo. Ukishuka na gia ndogo, injini inakusaidia kazi. Ukishuka na D huku mguu umelala kwenye breki, diski zinafika chini zimeiva. Hapo bado si balaa. Balaa ni kusimama. Unafika Ruaha Mbuyuni, wauza vitunguu wanakuja dirishani, mguu wako umekaza breki huku mnapatana bei. Pedi moto imebana diski moto sehemu moja tu, nyingine yote inapigwa na upepo. Pedi inaacha ngozi yake pale, alama ya umbo lake kabisa. Kuanzia hapo sehemu ile inashika tofauti, inapata moto kuliko nyingine, na moto ukipita nyuzi 650 hivi chuma cha diski chenyewe kinaanza kugeuka, kinazaa madoa magumu yasiyolika sawa na jirani zake. Utayaona: madoa ya bluu iliyokolea au kijivu, kama alama za vidole. Doa gumu likishaingia ndani, hata ukilikereza linabaki chini yake, na baada ya muda linajitokeza tena kwa sababu chuma cha pembeni kinalika na lenyewe halikubali.

Basi ukimaliza mteremko, usisimame. Tembea kilomita mbili tatu bila breki, upepo upite. Ukilazimika kusimama, simama kwa kuachia pedali na kuacha gari lisogee hatua moja moja kama mahali panaruhusu. Na vijana wanaowahi na ndoo ya maji kupoza rimu zinazofuka moshi, waambie asante, hapana.

Njia ya pili haina moto wala Kitonga. Ndiyo iliyomsumbua mama yangu wa vitunguu miezi sita.

Gamba la dagaa

Mara ya tatu alipokuja nilikuwa nimeishiwa majibu, na hela ya diski nyingine sikuwa nayo. Nikaenda kwa mzee mmoja mkerezaji, nikaazima dayo geji, ile yenye uso kama saa na kidole kinachogusa chuma. Tukaishikisha kwa sumaku yake kwenye nguzo ya shokapu, tukafunga nati zote nne za diski bila rimu, kila moja na washa yake ili ibane sawasawa, kidole tukakiweka sentimita moja kutoka ukingo wa diski. Tukazungusha taratibu kwa mkono. Mshale ukaenda, ukarudi. Ukaenda, ukarudi. Milimita 0.14. Kiwango kinachoruhusiwa kwenye magari madogo ya namna ile ni karibu 0.05.

Diski ile ilikuwa na miezi mitatu. Tukaitoa. Kwenye uso wa habu, karibu na boliti moja, palikuwa na kutu iliyobanduka nusu, nyembamba, inang'aa kidogo, kama gamba la dagaa. Nilikuwa nimeweka diski juu yake mara mbili bila kuliona.

Fikiria jiometri yake. Diski inakaa juu ya uso wa habu wenye upana wa sentimita 6 au 7 kutoka katikati. Ukingo wa diski uko sentimita 12 na ushee kutoka katikati. Kosa lolote lililo chini linafika juu likiwa limekaribia mara mbili. Gamba la milimita 0.07, ambalo ungelipuliza likapaa, linaifanya diski iyumbe 0.14 ukingoni.

Lakini siku ile ya kwanza nilipojaribu gari lilikuwa shwari, sivyo? Hapo ndipo ujanja wa ugonjwa huu ulipo. Diski inayoyumba lakini yenye unene sawa haidundi mguuni. Kalipa ya kawaida inaelea kwenye pini zake, inakwenda na diski kushoto na kulia, na unene unaobanwa ni uleule. Dereva haisikii. Tatizo ni pale usipokanyaga breki. Pedi zimeachia, zimekaa karibu sana na diski, na diski inayoyumba inazigusa mahali palepale kila mzunguko, mara 14 kwa sekunde njia nzima mpaka Dar. Kila mguso unakwangua kitu ambacho hakipimiki. Baada ya kilomita elfu kadhaa kimepimika: sehemu moja imekuwa nyembamba kwa milimita 0.02, na usukani unaanza. Yaani kazi mbovu ya Januari inaonekana Aprili, na Aprili hakuna anayemkumbuka fundi wa Januari. Mteremko unaofuata ndio unaopewa kesi.

Tulisugua habu kwa brashi ya waya, kisha msasa, mpaka chuma kikaonekana, na kuzunguka kila boliti tukapita na kipande cha msasa kilichokunjwa. Diski tukaifuta pia upande wa ndani wa kofia yake, ile sehemu ya katikati inayokaa kwenye habu. Tukarudisha, tukapima: 0.05. Tukaitoa, tukaizungusha tundu moja mbele, tukarudisha: 0.03. Huo wa kuzungusha tundu ni ufundi wa bure kabisa ambao sikuwahi kufundishwa. Kosa dogo la diski na kosa dogo la habu yanaweza kujumlishana au kufutana, inategemea yamekutana vipi.

Lakini kusafisha habu hakurudishi chuma kilichokwisha kwanguliwa. Diski zilikuwa bado nene, kwa hiyo mzee akazikereza kidogo mpaka unene ukawa mmoja, akapima kwa maikromita sehemu 8 kuzunguka, zote umbali uleule kutoka ukingoni. Zingekuwa zimekwisha ningenunua mpya. Unene wa mwisho unaoruhusiwa huwa umechorwa kwenye diski yenyewe, kwenye kofia au ukingoni, baada ya maneno MIN TH, na kutoka mpya hadi mwisho mara nyingi hakuna zaidi ya milimita 2 au 3. Diski iliyopita hapo haikerezwi. Inapata moto haraka, inapasuka.

Na kukereza peke yake, bila kugusa habu, ni kumpaka mgonjwa mafuta. Diski ikiwa kwenye mashine ya leti imefungwa kwenye leti, haijui habu yako ina nini. Inatoka pale imenyooka kama rula, unairudisha juu ya gamba lilelile.

Nati nne na mtu mwenye kilo 70

Kosa la pili la kuyumbisha diski ni namna tunavyofunga tairi. Toyota ndogo nyingi zinataka nati zikazwe kwa nyutoni mita 103. Ukiwa na spana ya nusu mita, hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo 21 mwishoni mwake. Sasa kumbuka ulichokiona barabarani: kijana wa kilo 70 anapanda juu ya spana ya sentimita 40, anarukaruka kidogo. Bila hata kuruka ni nyutoni mita 275 hivi, zaidi ya mara mbili na nusu. Au ile bunduki ya upepo, trrrrr, nati ya kwanza imekazwa mpaka mwisho kabla ya ya pili kuguswa. Rimu imelala upande mmoja, kofia ya diski imebanwa katikati ya rimu na habu kwa nguvu zisizolingana, na inakaa hivyo kwa mkao wa kuyumba. Safari hii bila kutu yoyote.

Kufunga ni kwa msalaba. Nati ya juu, kisha ya chini, kisha kushoto, kisha kulia, kwanza kwa mkono, tairi likiwa hewani, halafu mzunguko wa pili kwa kukaza, gari likiwa limegusa chini. Zikiwa tano ni nyota. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, si kifaa cha kifahari tena, na anayebadilisha matairi mara kwa mara aiweke kwenye buti.

Wengine wanaohusika

Pini za kalipa zikikauka grisi, kalipa haielei tena. Pedi moja inabaki imeshika, diski inaiva upande mmoja, gari linakuwa zito na rimu moja ina unga mweusi kuliko mwenzake. Ukisimama baada ya mwendo wa kawaida, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Yenye joto la kutisha ndiyo yenye kesi. Pini zinatolewa, zinasafishwa, zinapakwa grisi ya breki, si ile nyekundu ya beringi inayovimbisha raba.

Viungo vya miguu ya mbele vilivyolegea, yaani bushi za wishboni, boljointi na tairodi, zenyewe haziuanzishi mtetemo. Zinaukuza. Milimita 0.02 ambazo gari zima lisingezisikia, kwenye gari lenye bushi zilizochanika zinakuwa tetemeko. Ndiyo maana magari mawili yenye diski za hali ileile, moja linalalamika na jingine kimya. Shika tairi lililo hewani saa tatu na saa tisa, litikise: mchezo ukiwepo ni tairodi. Shika saa sita na saa kumi na mbili: mchezo ukiwepo ni beringi au boljointi. Beringi iliyochoka inayumbisha habu yenyewe, na habu ikiyumba diski gani itatulia?

Zikifungwa diski mpya, zioshwe kwanza yale mafuta ya kuzuia kutu kwa dawa ya kusafishia breki. Halafu zizoeshe na pedi: kutoka kilomita 60 punguza hadi 20 kwa breki ya wastani, bila kusimama, rudia mara 10 kwa nafasi, kisha tembea kilomita kadhaa zipoe. Pedi inajipaka kwenye diski kwa usawa, pande zote. Ukitoka gereji na kusimama kwa breki kali kwenye taa za kwanza, unaanza maisha mapya na alama ya pedi usoni mwa diski.

Mama wa vitunguu nilimkabidhi gari lake, na hela ya mkerezaji nilitoa mimi. Nilimwonyesha lile gamba, nililitunza kwenye kifuniko cha chupa. Alilitazama, akanitazama. "Hiki ndicho ulichokuwa unakiita Kitonga?" Sikuwa na la kujibu. Nikamfundisha kufunga nati kwa msalaba, akasema ameelewa.

Mwaka uliofuata alinipigia simu akiwa kando ya barabara, Mikumi. Tairi limepata pancha, amempata kijana wa kumbadilishia. Nikamsikia anapaza sauti nyuma ya simu, "Wewe! Wewe mwanangu, acha kwanza!" Kisha akarudi kwangu. "Fundi, huyu anazunguka kwa mduara. Namwambia msalaba, ananiambia mimi si Mkristo. Ongea naye."

Nikamwambia mpe simu.